Laini Saba na Risasi Iliyokataa Kulia

Atokaye Makina akaifuata njia ya reli kuelekea mashariki, akawapita wauza omena na mafundi cherehani walioketi hatua chache tu kutoka kwenye vyuma vya treni, atafika mtaa uitwao Laini Saba, na akimwuliza mtoto wa hapo sababu ya jina hilo, aghalabu mtoto atastaajabu kusikia kwamba jina la kwao linahitaji sababu. Wazee wa Kinubi, ambao mababu zao ndio waliotangulia kufyeka mwitu wa Kibera, husimulia kwamba laini hiyo haikuwa ya nyumba wala ya reli, bali ilikuwa ya shabaha. Hapo ndipo askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo watu wa zamani waliliita Keya, walipokuwa wakifunzwa kupiga bunduki, na uwanja wao ulikuwa umegawanywa kwa mistari. Hata bunduki zilipoondoka na askari wakazeeka, mstari wa saba ukabaki kuwa anwani ya watu wasiowahi kushika bunduki maishani mwao.

Mengi yameandikwa juu ya Keya na vita vyake, na katika hayo yote risasi inayotajwa ni ile iliyolia na kupata. Ninayotaka kuieleza mimi ni nyingine: ile ambayo askari, akiisha kulala kifudifudi juu ya majani yenye umande, akaizuia pumzi na kuvuta kifyatulio, husikia mgongano mdogo wa chuma na chuma, kisha kimya. Risasi hiyo ina habari nyingi kuliko mwenzake, maadam iliyolia imekwisha kuuteketeza ushahidi wake, ilhali iliyokataa hubaki nzima mkononi, na mwenye kuitazama kwa subira aweza kuisoma safari yake yote tangu kiwandani hata mtutuni. Fauka ya hayo, ni risasi iliyowatia watu wengi lawamani pasipo kosa, na hilo ndilo hasa lililonisukuma kuandika.

Wanubi walikwisha kuijua shida ya risasi kabla hawajaiona Nairobi. Walikuwa askari wa serikali ya Misri katika jimbo la Equatoria, chini ya Emin Pasha, wakibeba bunduki za Remington. Na majeshi ya Mahdi yalipoiteka Khartoum katika Januari 1885, njia ya mto Nili ikafungwa, wala hapakuja tena baruti wala fataki kutoka kaskazini. Stanley alipofika ziwa la Albert mwaka 1888, katika msafara uliotumwa kumwokoa Emin, miongoni mwa shehena aliyoileta kutoka mbali kwa mateso makubwa yalikuwamo makasha ya risasi za Remington. Emin aliondoka kwenda pwani mwaka uliofuata, lakini askari wengi walibaki nyuma pamoja na ofisa wao Selim Bey, hata Kapteni Lugard alipowafikia Kavalli mwaka 1891 akawachukua kuitumikia kampuni ya Kiingereza. Kutoka huko wakaingia katika majeshi ya Uganda na ya Afrika ya Mashariki, ambayo tarehe 1 Januari 1902 yaliunganishwa na jeshi la Afrika ya Kati yakawa King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne hiyo wakaruhusiwa kukaa katika mwitu ulio kando ya Nairobi, nao wakauita kwa lugha yao Kibra, maana yake mwitu, na mwaka 1918 eneo hilo, lenye ekari 4,197 na ushei, likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi.

Kabla ya hapo, bunduki iliyojulikana na wengi katika nchi hizi ilikuwa gobori, na gobori lilikuwa na tabia ya kukataa. Mpigaji hulimiminia baruti mdomoni, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi au marisau, kisha akavisha fataki juu ya kinundu chenye tundu jembamba kama la sindano. Tundu likiziba kwa masizi, au baruti ikinyonya mvuke wa masika, fataki hulia peke yake nayo baruti hukaa kimya ndani. Bunduki za namna hiyo ziliingia kwa wingi usiokadirika. Balozi wa Kiingereza wa Unguja aliandika mwaka 1888 kwamba bunduki zilizokuwa zikipenya bara kila mwaka zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukaja kukataza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta, ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba bunduki iliyokataa mara kwa mara aliachiwa Mwafrika, na ile isiyokataa ikawekwa upande wa pili.

Risasi aliyopewa askari wa Kibera ilikuwa ya huo upande wa pili. Ilikuwa ile ya .303, yaani ya mtutu wenye tundu la upana wa sehemu 303 katika elfu za inchi, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1880 ikiwa na baruti nyeusi, na miaka michache baadaye ikatiwa kodaiti isiyotoa moshi mzito. Fundi akiing'oa kichwa risasi ya namna hiyo hakuti unga, bali hukuta vijiti vyembamba vya rangi ya asali vilivyosimama sambamba kama tambi kabla hazijatiwa chunguni, na juu yake kisahani cha karatasi ngumu kilichowekwa kuvitenga na kichwa cha madini. Chini kabisa, katikati ya kitako cha ganda la shaba, mna kikombe cha fataki kisichozidi punje ya hindi kwa upana, na ndani yake chembe ya dawa yenye fulminati ya zebaki. Sindano ya bunduki ikikipiga kikombe hicho, dawa hubanwa juu ya fuawe ndogo iliyoumbwa ndani ya kitako chenyewe, huwaka, na moto wake hupenya katika matundu mawili hata kuzifikia tambi za kodaiti. Hayo yote hutimia kabla jicho halijapepesa, na kila pete ya mnyororo huo ikilegea, mnyororo wote hunyamaza.

Na pete zilikuwa na sababu nyingi za kulegea. Risasi ilitoka Uingereza katika kasha la mbao lenye utando wa bati uliotiwa risasi ya kuungia, ikapita Mfereji wa Suez na hari ya Bahari ya Shamu, ikakaa katika maghala ya Mombasa ambamo ukuta hutoa jasho, ikapanda behewa la chuma lililochomwa na jua la Taru, ndipo ikafika Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwenye ukungu wa Julai na manyunyu yasiyokatika. Fulminati ya zebaki haipendi joto la muda mrefu. Huoza polepole, na ganda likionekana jipya linang'aa, ndani fataki imekwisha kufa. Kodaiti nayo ilivumilia unyevu kuliko baruti nyeusi, lakini kasha likiisha kufunguliwa na bati kupasuliwa, risasi huanza kuhesabiwa siku zake. Hapo ndipo ghala, na mtunza ghala, na desturi ya kutoa kwanza kilichoingia kwanza, vilipokuwa na nguvu juu ya shabaha kuliko jicho la mpigaji.

Sababu moja yanihuzunisha kuliko zote, kwa kuwa ilitokana na bidii. Askari aliyefunzwa kwamba kutu ni aibu alikuwa tayari kupaka mafuta kila kilichokuwa cha chuma, na wengine walipaka hata risasi zenyewe, au waliziingiza katika chemba iliyoloa mafuta. Mafuta ni mwizi mpole. Hupita baina ya kikombe cha fataki na ganda, mahali palipopakwa vanishi kwa ajili hiyo lakini vanishi ikachubuka, na yakiisha kuifikia ile dawa huilaza usingizi usio na mwamko. Kadhalika mafuta mazito yaliyoachwa ndani ya komeo huganda kwa baridi ya alfajiri na kuishika sindano, ikaenda mbele kwa uvivu. Na kamani, ile springi inayoisukuma, ikichoka kwa miaka ya kubanwa, hulipunguza pigo. Halafu kuna mchanga na matope, ambayo hulizuia komeo lisifunge barabara, na kuna sindano iliyolika ncha, na kuna bunduki kuukuu ambayo nafasi baina ya komeo na kitako cha risasi imepanuka, hata risasi inasogea mbele inapogongwa badala ya kusimama na kulipokea pigo.

Mwalimu mzuri wa shabaha hakuzitafuta sababu hizo kwa kukemea. Bunduki ikikataa, kanuni ni kuuacha mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta la shabaha, bila kufungua komeo, na kuhesabu taratibu hata thelathini na kupita, kwa sababu iko risasi isiyokataa ila iliyochelewa: fataki yake imewaka kwa unyonge, moto unatambaa ndani, na baada ya kitambo hulia kwa nguvu zake zote, ole wake aliyekwisha kulivuta komeo na kuutia uso wake hapo. Muda ukiisha, risasi hutolewa na kitako chake hutazamwa. Alama ya sindano ikiwa ya kina kirefu na katikati, bunduki imefanya wajibu wake na kosa ni la fataki. Ikiwa alama ni ya juu juu kama kidole kilichogusa unga, kosa liko kwenye kamani, au uchafu, au komeo. Isipokuwapo alama yoyote, sindano imevunjika au haikufika. Na ukiwapo mlio hafifu, kama mtu aliyepiga chafya ndani ya blanketi, basi hapana ruhusa kupiga ya pili kabla ya kuuchungulia mtutu, kwa kuwa kichwa cha kwanza chaweza kuwa kimekwama njiani, na cha pili kikikifuata, mtutu hupasuka.

Kwa hiyo katika kitako cha shaba kisichofika upana wa kidole gumba mna hukumu kamili, yenye kuonyesha nani alaumiwe: kiwanda, meli, ghala, fundi wa bunduki, au mtu aliyelala chini. Lakini jeshi ni ngazi, na lawama huteremka ngazi kwa wepesi kuliko inavyopanda. Askari asiyejua kusoma Kiingereza, ambaye risasi zake mbili kati ya kumi hazikulia, hakuwa na cheti cha kuonyesha kwamba kasha lile lilipigwa na jua. Ombasha mwenye huruma angemwelekeza azihifadhi risasi zilizokataa na kuzipeleka juu zikaonekane, na ninaamini kwamba hapo ndipo tofauti ya mkuu na mkuu ilipojulikana: kuna aliyesema risasi ni mbovu, na kuna aliyesema askari ni mbovu.

Vita vya 1914 vikaupa mjadala huu ushahidi mkubwa, japokuwa upande wa adui. Wajerumani waliokuwa Tanganyika walizungukwa baharini, na askari wao wengi walianza vita wakiwa na bunduki za mfano wa mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi na kumfichua mpigaji kwa wingu la moshi juu ya kichwa chake. Mwezi wa Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojigeuza kuwa ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, ilifika pwani ya kaskazini ya Tanga ikiwa na silaha na risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaigundua na kuipiga, nayo ikakimbilia ghuba ya Manza, maji yakaingizwa ndani makusudi, ikaketi chini. Waingereza walipoondoka wakidhani imekwisha, Wajerumani wakaanza kuzamia na kuipakua. Sehemu kubwa ya shehena iliokolewa, ila risasi zilikuwa zimekwisha kunywa maji ya chumvi, na kadiri siku zilivyopita, idadi ya zilizokataa ikaongezeka.

Nadhani hakuna mahali pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo risasi iliyokataa ilifanyiwa kazi kwa unyenyekevu kama huo. Zilipelekwa bara hata Moshi, zikafunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa, na fataki zilizoharibika zikabadilishwa kwa fataki zozote zilizopatikana katika koloni, hata zikiwa za namna nyingine, kisha zikaundwa upya. Mikono iliyofanya kazi hiyo haikutajwa majina. Von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa jeshi hilo la Wajerumani, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi zilivyojaribiwa na kupangwa kwa kadiri ya ubovu wake, na zile mbovu mno zikatengwa kwa mafunzo ya shabaha. Yaani mwanafunzi alipewa kinachokataa ili mpiganaji apate kinacholia, na mwanafunzi huyo, akiwa amelala mbele ya tuta lake, alijifunza jambo ambalo risasi nzuri haiwezi kumfunza: kuvuta kifyatulio bila kujua kama bunduki italia au haitalia, na kwa hiyo bila kuruka wala kufumba macho. Hata leo walimu wa shabaha huchanganya risasi bandia na za kweli kwa kusudi hilo hilo, ili waone nani anayetikisika kabla ya mlio. Jeshi hilo la Wajerumani, ambalo mwisho lilikuwa likiishi kwa bunduki na risasi lilizonyang'anya, lilisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na Keya, wakiwamo Wanubi wa Kibera, ndio waliokuwa wamelifukuza hata huko.

Nimesema Kibera, na haifai kuiacha Kawangware, iliyo mwendo mfupi upande wa kaskazini magharibi, kwa sababu huko habari ya risasi ina uso wake wa pili. Jina lenyewe wenyeji hulifasiri kuwa mahali pa ngware, ambaye kwa Kiswahili ni kwale, ndege wa vichakani aliyewindwa kwa mitego na marisau. Ilikuwa ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, karibu na mahali ambapo Lugard alijenga boma lake mwaka 1890 kwa mapatano na Waiyaki wa Hinga, mapatano ambayo hayakudumu. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mstari baina ya Kibera na Dagoretti ukawa kama mstari wa shabaha: huku watoto na wajukuu wa Keya, kule watu ambao kuonekana na risasi moja mfukoni kulitosha kuwapeleka kitanzini. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alipohukumiwa kifo, na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, hati ya mashtaka ilitaja bastola moja na risasi sita.

Wapiganaji wa msituni waliokosa bunduki waliziunda kwa bomba la maji, mbao, komeo la mlango na vipande vya mpira wa magurudumu, na ninaposoma habari zake nazikumbuka alama za sindano nilizozieleza. Mpira uliochukua mahali pa kamani haukuwa na nguvu ya kamani; pigo lilikuwa jepesi, bomba halikulingana na risasi, na risasi yenyewe ilikwisha kupita mikono mingi, ikafichwa ndani ya udongo na kapu la mboga. Kwa hiyo zilikataa mara nyingi, na nyingine zilipokubali zilimdhuru mwenyewe. Watu hao waliijua bunduki inayokataa kuliko mtu yeyote aliyepata kulala katika uwanja wa Kibera, nao waliingia nayo vitani vivyo hivyo.

Uwanja wenyewe ulifutika pasipo sherehe. Mwaka 1928 jeshi liliacha kuisimamia Kibera ikaingia katika mikono ya utawala wa kiraia, vibali vya Wanubi vikabaki vibali wala havikuwa hati, wapangaji wakaja kutoka magharibi na mashariki ya nchi, baada ya uhuru ardhi ikahesabiwa kuwa ya serikali, na mitaa ya kisasa ikaumega mwitu upande baada ya upande. Tuta la shabaha, ambalo kazi yake ilikuwa kupokea risasi na kunyamaza, haliwezi kushindana na mtu anayetafuta mahali pa kusimamisha nguzo nne. Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya ardhi ya jumuiya yenye ekari 288, na mwenye kuzilinganisha na zile 4,197 za mwaka 1918 hahitaji mimi nimfanyie hesabu.

Risasi iliyokataa, lakini, haina muhula. Ganda la shaba hukaa udongoni miaka mingi bila kuoza, na fataki iliyolala leo yaweza kuamshwa kesho na nyundo au moto. Ndiyo maana anayeiokota, hususan karibu na palipokuwa na majeshi, apaswa kuiacha ilipo na kuwaita polisi, wala asiitie mfukoni. Nalisema hili kwa sababu katika mitaa hii kuokota ni kazi ya watu. Mbele ya kibanda cha vyuma chakavu, vijana huja jioni na magunia yao, wakamwaga chini mikebe, misumari, vipini vya milango na bomba zilizopinda, naye mwenye mizani huchukua sumaku iliyofungwa kwenye kamba na kuipitisha polepole juu ya lundo. Chuma huruka na kung'ang'ania. Shaba haitikisiki, hubaki palepale chini, naye huinama akaiokota kwa mkono, akaigeuza mara mbili aitazame vizuri, kisha akaitia katika mkebe wa pembeni, kwani hiyo ndiyo yenye bei.